Kujifunza Kuendesha Ndege: Mambo Yamngojayo Mwanafunzi na Mzazi Wake

Zamani wengi walizoea kuiita eropleni "ndege Ulaya", kwa kuwa ilikuwa chombo cha wageni, na wenyeji waliinua macho tu kuitazama ikipita. Jina hilo limekwisha kusahauliwa, na ndege imekuwa chombo cha kazi kama lori au trekta. Kazi ya madaktari warukao kwa ndege kwenda kuwatibu wagonjwa wa mbali ilianzishwa mwaka 1957, na makao yake yako katika Kiwanja cha Wilson, Nairobi. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwisho wa mwaka 2019 na kuharibu mimea na malisho katika mwaka 2020, ndege ndogo zilitumwa kunyunyiza dawa juu ya makundi yao.

Basi si ajabu kwamba kijana amalizapo masomo ya sekondari humjia baba yake na kumwambia kuwa ataka kuwa rubani. Neno lenyewe ni la kale. Rubani alikuwa mtu wa chomboni ajuaye miamba iliyofichwa na maji, akakiongoza chombo mpaka bandarini salama. Kazi ya rubani wa ndege ni hiyo hiyo, ila miamba yake ni upepo, mawingu, uzito, na hofu ya moyo wake mwenyewe. Njia ya kuifikia kazi hiyo ina miamba pia, na iliyo hatari zaidi kwa mzazi ni ile ya fedha. Yafaa ijulikane kabla shamba halijauzwa.

MAFUNZO HAYA SI MAPYA

Klabu ya ndege iitwayo Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways, na jina lake ndilo lililopewa kiwanja baadaye. Rubani mkuu wa shirika hilo, Tom Campbell Black, alimfundisha Beryl Markham, mwanamke aliyelelewa Njoro. Mwaka 1936 Bibi Markham aliivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada, akishindana na upepo wa mbele.

Siku zile Mwafrika hakupewa nafasi ya kushika usukani. Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1971 chuo cha marubani kilianzishwa Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, chuo hicho kilibaki mikononi mwa Uganda. Leo vyuo vingi vya Kenya viko Wilson, na wasichana hufundishwa humo pamoja na wavulana. Mwaka 2014 Mkenya mmoja, Irene Koki Mutungi, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa nahodha wa ndege kubwa aina ya Boeing 787.

KWA DAKTARI KWANZA

Hatua ya kwanza haichukuliwi kiwanjani. Huchukuliwa kwa daktari, tena daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Cheti cha afya kina madaraja. Atakaye kuruka kwa mambo yake mwenyewe hutakiwa kuwa na cheti cha daraja la pili. Atakaye kuajiriwa hutakiwa daraja la kwanza, ambalo uchunguzi wake ni mkali zaidi.

Daktari hupima moyo, mapafu, masikio, damu na macho. Kuvaa miwani hakumzuii mtu, maadamu aona vizuri akiwa nayo. Walakini kutotambua rangi ni jambo zito. Ncha ya bawa la kushoto la ndege ina taa nyekundu, na ya kulia ina taa ya kijani, ili rubani aionaye usiku ajue yaelekea wapi. Tena redio ikiharibika, watu wa mnara huwasiliana na rubani kwa taa za nyekundu, kijani na nyeupe. Asiyezitofautisha hatajua kama ameruhusiwa kutua au amekatazwa.

Kwa hiyo kijana akusudiaye kuifanya kazi hii maishani apimwe daraja la kwanza tangu mwanzo, hata kama masomo ya awali yaruhusiwa kwa daraja la pili. Wako wagundulikanao na kasoro katika mwaka wa pili, ng'ombe wamekwisha kuuzwa. Hasara hiyo ingaliweza kuepukwa kwa asubuhi moja mbele ya daktari. Wala kijana asifiche kifafa, kisukari, au dawa azitumiazo. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humfichua, na angani hakuna kando ya barabara pa kusimamisha chombo ili mtu apumzike.

FEDHA HUHESABIWA KWA SAA

Masomo ya kuruka hayahesabiwi kwa mihula kama ya shule. Huhesabiwa kwa saa, na kila saa huandikwa katika kitabu cha rubani na kutiwa sahihi na mwalimu, kama karani aandikavyo fedha katika daftari. Kanuni za kimataifa, ambazo Kenya huzifuata, zasema kwamba mwenye kuomba leseni ya rubani wa binafsi awe ametimiza umri wa miaka 17, na awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 akifundishwa kwa utaratibu kamili wa chuo kilichoidhinishwa. Katika saa hizo, 10 lazima aruke peke yake.

Hapa ndipo wazazi wengi wakoseapo hesabu. Huchukua bei ya saa moja, wakaizidisha kwa 40, wakadhani wamefika mwisho. Lakini 40 ni kiasi cha chini kabisa. Wanafunzi wengi hukipita kabla mwalimu hajaridhika nao, wala kukipita si dalili ya ujinga. Tena bei ya ndege ni jambo moja tu. Kuna ada ya mwalimu, ya kutua, ya mitihani, ya daktari, bei ya vitabu na ramani, na ya vile vifaa vya kuvaa masikioni ili kusikia redio. Kijana wa mashambani ataongeza juu yake chakula na nyumba mjini Nairobi.

Mzazi mwenye busara hukitaka chuo kimwandikie gharama zote, moja moja, kisha huongeza akiba juu ya jumla hiyo. Halafu hulipa kidogo kidogo, kadiri saa zinavyotumika. Chuo kidaicho fedha zote siku ya kwanza kiulizwe sababu. Kiulizwe pia kina ndege ngapi, na katika hizo ni ngapi zirukazo na ngapi zingojazo fundi. Maana mwanafunzi aliyelipa ada yote, akakaa miezi mitatu akitazama ndege iliyofunguliwa injini, hana njia rahisi ya kurudishiwa haki yake.

Jambo jingine lipandishalo gharama ni kukatiza masomo. Arukaye mara tatu kwa juma huendelea mbele. Arukaye mara moja kwa mwezi hutumia sehemu kubwa ya kila somo kukumbuka lile lililopita, na saa hizo za kukumbuka hulipiwa sawasawa na nyingine. Ni afadhali kungoja mwaka mmoja mpaka fedha zitoshe, kuliko kuanza kwa furaha na kuacha katikati.

DARASANI

Wengi hudhani kuwa chuo cha ndege ni mahali pa kuruka tu. Ukweli ni kwamba mwanafunzi atakaa na vitabu kwa muda mrefu zaidi kuliko atakavyokaa angani. Atasoma sheria za anga, hali ya hewa, njia ya kuongoza safari, injini na mitambo, sababu za ndege kubebwa na hewa, hesabu za uzito na petroli, utaratibu wa kazi, matumizi ya redio, na udhaifu wa mwili wa binadamu awapo juu. Hesabu na fizikia za sekondari zamsaidia sana.

Lugha itumikayo redioni ni Kiingereza, nayo hutahiniwa. Herufi hupewa majina ili zisichanganywe: B husemwa Bravo, na D husemwa Delta. Mwanafunzi hufundishwa pia kuyarudia maagizo ya mnara neno kwa neno, ili aliyeyatoa ajue kuwa yamesikika sawa. Mwenye haya, ambaye huitikia "ndiyo" asipoelewa, hana budi kuacha tabia hiyo. Katika kazi hii kusema "sikuelewa, tafadhali rudia" ni adabu njema.

KABLA YA INJINI KUWASHWA

Ndege za mafunzo zilizo nyingi ni ndogo, za injini moja na rafadha moja mbele, kama vile Cessna 172, yenye viti vinne na mabawa juu ya dirisha. Kila mara kabla ya kuruka, mwanafunzi huizunguka akiwa na orodha mkononi. Hupima mafuta ya injini kwa kijiti. Hupanda kutazama ndani ya matangi kwa macho yake, bila kutegemea kipimo cha ndani peke yake. Huchota petroli kidogo katika kichupa cha kioo na kuiinua juani: petroli ya ndege hizi ina rangi ya samawati, na maji, yakiwamo, hukaa chini yake. Hutazama magurudumu, breki, bawaba za mabawa na za mkia. Huchungulia kijibomba kidogo kipimacho mwendo wa ndege, kwa sababu nyigu hupenda kujenga humo.

Kijana hufanya haya kwa bidii katika juma la kwanza. Kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kuwa anayafanya hivyo hivyo katika mwezi wa sita, ndege ikiwa ile ile na asubuhi ikiwa nzuri.

ANGANI PAMOJA NA MWALIMU

Ndege ya mafunzo ina usukani mara mbili, mmoja wa mwanafunzi na mmoja wa mwalimu. Akiuvuta, pua huinuka. Akiusukuma, pua hushuka. Akiuzungusha, ndege hulala upande. Miguu hukanyaga pedali za usukani wa mkia. Aliyezoea gari hutaabika siku ya kwanza, kwa kuwa ndege ikiwa ardhini huongozwa kwa miguu, na kuzungusha usukani wa mkononi hakuigeuzi hata kidogo.

Mwanafunzi asione haya akitapika katika safari za mwanzo, wala asishangae kurudi chini amechoka kama aliyelima kutwa. Akili yake imekuwa ikifanya mambo mengi kwa pamoja: kutazama nje, kusoma vipimo, kusikiliza redio, kutunza kimo na mwendo. Kutazama nje ndiko mwalimu akusisitizako kuliko yote. Wilson ni kiwanja chenye ndege nyingi, za abiria na za mafunzo pamoja. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Watu wawili waliokuwa katika ile ndogo walikufa; ile ya abiria ilirudi kiwanjani salama. Mzazi ana haki ya kukumbuka jambo hilo, na ya kukiuliza chuo wanafunzi wake hufundishiwa wapi na saa zipi.

Katika masomo yote hakuna liwatishalo wanafunzi kama lile la bawa kuacha kubeba. Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake na chini yake kwa utaratibu. Rubani akiinua pua kupita kiasi, hewa huachana na mgongo wa bawa, na nguvu ya kubeba hupotea. Kipembe cha onyo hulia, usukani hulegea, ndege hutetemeka, kisha pua huanguka. Moyo wa mwanafunzi humwambia auvute usukani kwa nguvu, maana aiona ardhi mbele yake. Akiuvuta, hali huzidi kuwa mbaya. Dawa yake ni kuusukuma usukani mbele, kana kwamba ataka kushuka zaidi, mpaka hewa ishike tena bawa. Ndipo aongeze nguvu ya injini na kuinuka taratibu.

Somo hilo hufanywa juu sana, mbali na ardhi, na hurudiwa mara nyingi hata mkono uzoee kutenda kinyume cha moyo. Kwa hiyo si ushujaa utakiwao chuoni. Watu wajiitao mashujaa huwataabisha walimu zaidi ya waoga, kwa kuwa mwoga husikiliza.

Baadaye mwalimu huivuta nyuma nguvu ya injini bila taarifa na kusema kuwa injini imekufa. Wengi hudhani kuwa hapo ndege itaanguka kama jiwe. Sivyo. Cessna 172 ikiwa kimo cha kilomita moja yaweza kuteleza hewani yapata kilomita tisa kabla ya kufika chini, ikiwa hakuna upepo wa kuipinga. Mwanafunzi hufundishwa kuutunza mwendo wake kwanza, kuchagua shamba tupu au uwanda, na kuuelekea kwa utulivu. Mwalimu huirudisha nguvu ya injini kabla hawajafika chini.

HEWA YA NAIROBI

Kiwanja cha Wilson kiko futi 5,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, nayo injini ndogo hupoteza yapata sehemu moja katika sita ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Jua likiwaka adhuhuri, hewa huzidi kuwa nyepesi, na joto likifika digrii 25 ndege huruka kama iliyo katika kiwanja cha futi 8,000. Hutaka njia ndefu zaidi ya kurukia, na hupanda polepole. Ndiyo sababu mwanafunzi hupiga hesabu ya uzito wa watu, mizigo na petroli kabla ya safari, na nyakati nyingine humwacha mtu au kupunguza petroli.

Asubuhi hewa hutulia, na masomo mengi hufanywa wakati huo. Alasiri joto hulirusha juu na chini lile gari la angani, na mvua za ngurumo huja. Miezi ya baridi, tangu Juni mpaka Agosti, mawingu hulala chini juu ya Nairobi asubuhi nzima, na wanafunzi hukaa wakinywa chai. Mzazi asikiapo kuwa mwanawe hakuruka juma zima, asidhani upesi kuwa ni uvivu. Chuo kinachowazuia wanafunzi kuruka katika hewa mbaya chafanya kazi yake.

SIKU YA KURUKA PEKE YAKE

Mwanafunzi akisha kujua kutua na kuruka tena mara nyingi, huja siku ambayo mwalimu hufungua mlango, akashuka, na kumwambia azunguke mara moja peke yake. Aghalabu haambiwi siku hiyo mapema, ili asikose usingizi. Ndege iliyopungukiwa na uzito wa mwalimu huinuka upesi kuliko alivyozoea. Mzunguko wenyewe ni wa dakika chache tu: kupanda, kugeuka, kwenda sambamba na njia kwa kimo cha futi 1,000 hivi juu ya ardhi, kugeuka tena, na kushuka.

Kutua ndiko kugumu. Yampasa aifikishe ndege karibu kabisa na ardhi, kisha aizuie isiguse mpaka mwendo wake uishe yenyewe. Akiona kuwa mambo si sawa, aongeze nguvu na apande tena kwenda kujaribu upya. Hakuna mwalimu mwema atakayemcheka kwa hilo. Vyuo vingi vina desturi ya kummwagia maji mwanafunzi ashukapo siku hiyo, naye hurudi nyumbani ameloa na kufurahi.

SAFARI, MTIHANI, NA BAADAYE

Baada ya hapo ataongoza safari kwa ramani, dira na saa. Moja ya safari atakazofanya peke yake lazima iwe ya kilomita 270 au zaidi, akitua katika viwanja viwili vingine njiani. Atajifunza kuutambua mlima Longonot na ziwa la Naivasha vikiwa mahali pake, na kuvivuka vilima vya Ngong kwa kimo cha kutosha, kwa kuwa upepo uvukao vilima hivyo huichafua hewa ya upande wa pili. Mwisho mtahini ataketi pale alipokuwa akiketi mwalimu.

Akifaulu, hupewa leseni ya rubani wa binafsi. Hapo tena wengi hukosea. Leseni hiyo haimruhusu kulipwa hata shilingi moja kwa kuendesha ndege. Leseni ya kazi hutaka umri wa miaka 18 na saa 200, au 150 kwa utaratibu kamili wa chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria hutaka umri wa miaka 21 na saa 1,500. Mashirika huwachagua wenye saa nyingi, na kijana aliyepata leseni ya kazi jana aweza kungoja muda mrefu. Yafaa jamaa iweke akiba kwa ajili ya muda huo wa kungoja, maana leseni isiyotumika na cheti cha afya kilichokwisha muda wake huhitaji fedha nyingine kuvifufua.

Haya hayasemwi ili kuwavunja moyo vijana. Nchi yahitaji marubani, na hakuna sababu kwa nini mtoto wa mkulima asiwe mmoja wao. Lakini aende kwa mpango. Kwanza apimwe na daktari. Pili, yeye na mzazi wake wakitembelee chuo, waone ndege, wazungumze na wanafunzi waliomo. Tatu, alipie somo moja la kujaribu, aketi kwenye usukani, aone kama moyo wake waupenda mkutano ule wa hewa na kazi. Ndipo waketi pamoja mezani, wapige hesabu ya saa na shilingi, na waamue.